Balozi Aliyekataza Hodi

Ukimsalimia Balozi huku unatembea, ulikuwa hujamsalimia. Kila mtoto wa mstari wetu wa nyumba aliijua sheria hiyo kabla hajajua kuhesabu. Unasimama kwanza. Unatua ulichobeba, hata kama ni ndoo ya maji. Msichana unakunja goti, mvulana unavua kofia kama unayo. Ndipo unatoa shikamoo yako, halafu unangoja. Kungoja ndiko kulikokuwa na kazi, maana Balozi hakuwa na haraka na marahaba. Angeweza kumaliza kutafuna karanga zake, akapangusa mikono kwenye kabuti, akautazama mzigo wako kana kwamba anaukagua, ndipo akaitikia.

Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi katika kijiji cha ujamaa kilichopangwa kando ya barabara ya kwenda Iguguno. Jina alikuwa nalo, lakini sijapata kumsikia mtu akilitumia, hata mkewe. Kabla ya kuhamia hapo tuliishi kama Wanyaturu wengine walivyoishi, kila familia na tembe lake na ng'ombe wake, na kwa jirani ni mwendo. Kisha tukaambiwa tukae pamoja, nyumba zikapangwa mstari, na kila nyumba kumi zikapewa mtu wa kuzisimamia. Sisi tukapewa huyu. Wenzetu sijui walipewa watu wa namna gani, ila nina hakika walilala usingizi mzuri kuliko sisi.

Kabuti lake lilikuwa la jeshi, zito, rangi ya majani makavu, na alilivaa hata jua la Oktoba lilipokuwa linapasua mawe. Lilikotoka hakuna aliyejua kwa hakika, kwa sababu kila alipoulizwa alitoa hadithi mpya. Mfukoni mwake mlikaa filimbi ya chuma. Aliipuliza asubuhi kutuita shamba la kijiji, akaipuliza mchana mbuzi wa mtu walipoingia kwenye mtama, na siku moja aliipuliza kumsimamisha bwana shamba aliyekuwa anapita na pikipiki yake. Bwana shamba alifunga breki, akageuza, akarudi mbio akidhani pameungua.

“Kuna nini, mzee?”

“Hakuna kitu,” Balozi akasema. “Hujatusalimia.”

Yule kijana alizima pikipiki, akavua miwani yake ya vumbi, akamwamkia. Balozi alimngojesha kama alivyotungojesha sisi. Tangu siku hiyo pikipiki ilikuwa inazimwa kuanzia nyumba ya kwanza, inasukumwa kwa mkono mpaka nyumba ya mwisho, kisha inawashwa tena.

Msidhani alikuwa mtu wa kunyooka pande zote. Alitupigia filimbi ya kwenda kulima, halafu tukifika shambani yeye ndiye wa kwanza kupata maumivu ya kiuno. Alihutubia dhidi ya uchawi kila mkutano, na juu ya mlango wake kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheusi ambacho alisema ni mbegu za maboga. Kanisani alionekana Krismasi, na kwa jirani zetu Waislamu alionekana Idi, mapema, kabla pilau haijaiva. Asali yake hakumpa mtu. Alikuwa na mizinga msituni na kila mwaka alisema nyuki wamehama, na kila mwaka mkewe alikuwa na nta ya kuuza.

Mdogo wangu Sofia alikuwa na pumu. Siku hizo nyumbani hatukuliita jina hilo, tulisema tu ana kifua. Alizaliwa nacho. Vumbi la kupepeta mtama lilimtosha, moshi ulimtosha, na ikija baridi ya Juni pamoja na ule upepo wetu, ungesikia kifua chake kinalia ukiwa chumba cha pili. Balozi alimpa jina la Filimbi. “Kijiji hiki kina filimbi mbili,” alikuwa anasema, “yangu na ya huyu. Yangu inanyamaza nikitaka.” Mama hakupenda utani huo. Sofia aliupenda sana, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa hangojeshwi marahaba. Nililiona hilo mapema na liliniudhi.

Sasa niseme juu ya sheria yake ya pili, ile ya wagonjwa. Kwetu mtu akiugua unakwenda kumjulia hali. Unapiga hodi, unaingia, unakaa karibu na kitanda, unamshika mkono, unampa pole, na usipokwenda watu wanaliweka moyoni. Zamani za tembe mwenye kikohozi hakufika, kwa kuwa njia ilimshinda. Kijijini njia ikawa ni hatua chache. Na Balozi, kwa kuogopa kwamba watu waliotoka koo mbalimbali hawatajaliana, akaamua kwamba asiyekwenda kumwona mgonjwa wa mstari wetu atalimishwa siku nzima peke yake kwenye shamba la kijiji. Aliitekeleza. Matokeo yake hata mtu mwenye homa alijikokota akaenda kumwona mwenye homa mwenzake, akakaa, akakohoa, akarudi kulala.

Mwaka ule wa kwanza wa sheria yakaja mafua makali. Hayakuwa mafua ya kupenga kamasi ukaendelea na kazi. Watu wazima walilala chini, mifupa inauma, kichwa kinagonga, na shule ilibaki na madawati. Lakini wengi wetu tuliinuka baada ya siku kadhaa, tumekonda tu, tunaomba uji.

Balozi alikuwa anaishi na mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyeolewa Kinampanda. Alikuwa mtoto mwembamba, macho ya manjano, ambaye viungo vilimuuma ghafla mpaka akashindwa kutembea. Mganga wa zahanati alishasema tatizo liko kwenye damu na kwamba kazaliwa nalo. Mafua yalipomfika, mstari mzima ulikwenda kumwona, na mimi nilikwenda na Mama. Chumba kilijaa. Wengine tulikuwa bado tunakohoa. Balozi alikaa mlangoni na kabuti lake akipokea hodi, na uso wake ulionyesha fahari. Sheria yake ilikuwa imefanya kazi. Hakuna nyumba iliyokosa.

Yule mtoto alifariki wiki hiyohiyo. Nilimlilia, maana tulikaa dawati moja, na mpaka leo nakikumbuka kile chumba kilivyojaa.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana wa Kilimatinde, mpole, mwenye tabia ya kuvuta kiti akae kabla hajakuambia jambo gumu. Alipokuja kutoa pole, Balozi alimuuliza mbele ya baba yangu, na Baba ndiye aliyenisimulia.

“Hao waliokuja kumwona ndio waliomletea?”

Mganga akavuta kiti. “Mzee, alikuwa tayari ameshaugua walipokuja. Nani alimletea siwezi kujua, wala wewe huwezi.”

“Basi kwa nini sisi tumeinuka na yeye hakuinuka?”

“Kwa sababu mwili wake ulikuwa na ugonjwa mwingine wa kupambana nao. Mtoto mwenye shida ya damu, au ya moyo, au ya kifua, mafua haya kwake si mafua. Yanashuka mapafuni upesi, na mchana mmoja unatosha kumbadilisha. Huyo hangojewi apone nyumbani. Na afadhali yasimfikie kabisa.”

Balozi akauliza, “Wa kifua pia?”

“Wa kifua pia.”

Baba anasema hapo Balozi aligeuka akaitazama nyumba yetu.

Mkutano uliofuata alisimama akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mwenye mafua haruhusiwi kwenda kumwona mgonjwa, na atakayekwenda atalimishwa siku nzima. Hakueleza sababu. Mzee mmoja akauliza, “Balozi, tulilimishwa kwa kutokwenda, sasa tunalimishwa kwa kwenda?” Balozi akajibu kwamba shamba ni lilelile na jembe ni lilelile, hivyo hakuna mwenye taabu ya kukumbuka. Watu wakacheka, wakasema msiba umemchanganya. Mimi naamini hajawahi kuwa na akili timamu kuliko siku ile.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoanza na vikohozi vya kwanza kusikika upande wa shuleni, alifika kwetu asubuhi. Hakuingia. Alisimama nje ya ua akamwita Mama.

“Mama Rehema, jiko lako liko wapi?”

“Ndani, Balozi. Na baridi hii nipike wapi?”

“Pika nje. Mtoto asivute moshi. Na huyu mkubwa,” akanionyesha kwa kidole, “akitoka shule anawe, na akikohoa alale kwa shangazi yake.”

“Mtoto mwenyewe haumwi.”

“Ndiyo maana nimekuja leo.”

Akaweka kigoda chake nje ya ua wetu na hapo pakawa ofisi yake. Aliyefika alisalimia kutokea barabarani, akajibiwa kutokea ndani, akaenda zake. Fikirini mtu aliyemrudisha bwana shamba kwa ajili ya salamu, leo anawazuia watu wasipige hodi. Majirani walinuna. Wapo waliosema tumejitenga, wapo waliosema Mama ana kitu anaficha ndani. Mama aliona haya kupita kisimani. Baba alitaka kumwondoa Balozi pale, ila hakujua mtu anaanzaje kumwondoa Balozi.

Kisha akaja Bibi, mama yake baba. Alikuwa bado anaishi kwenye tembe la zamani, akatembea tangu alfajiri na kuku mikononi na kibuyu cha maziwa mgongoni, kumwona mjukuu wake. Na alikuwa anakohoa. Tulimsikia kabla hatujamwona.

Balozi alinyanyuka. Akavua kofia, akainama, mikono yote miwili mbele.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nipishe.”

“Hapana, mama.”

Bibi akadhani hajasikia vizuri. “Nimesema nipishe niingie kwa mwanangu.”

“Una kikohozi, mama. Mtoto wa humu ana kifua. Maziwa nitayapokea, kuku nitampokea, wewe utapumzika kwangu. Mke wangu ameshainjika maji.”

“Wewe nimekubeba mgongoni humuhumu nchini. Leo unanifungia mlango wa mwanangu?”

“Nakufungia, mama. Nisamehe. Sifungui.”

Bibi aliweka kuku chini na akakaa palepale barabarani, miguu ameinyoosha, akalia kwa sauti. Mstari mzima ulitoka kutazama. Balozi alibaki ameinama vilevile, kofia mkononi, na machozi yalikuwa yanamtoka na yeye bila kuyafuta. Sijapata kumwona mtu mzima aliyefedheheka hadharani kiasi kile akakataa kusogea. Mwishowe Bibi alijinyanyua, akaenda si kwa Balozi bali moja kwa moja hadi kwake kwenye tembe, na kuku wake na maziwa yake.

Pamoja na hayo yote Sofia aliugua. Pengine ni Baba aliyetoka na mafua kwenye ghala la kijiji, pengine ni mimi, hakuna ajuaye. Jioni alikuwa anacheza, asubuhi homa ikamshika na kifua kikaanza kulia. Mama alimpa vidonge vya zahanati, akamkalisha akiwa ameegemea mto, akampa uji kidogo kidogo. Balozi hakuingia. Alikuwa amemtafuta mganga wa zahanati amfundishe mambo ya kutazama, na yeye akayageuza kuwa maswali ya kuuliza akiwa nje, kwa sauti ya mkutano.

“Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi?”

“Kidogo.”

“Pua zinatanuka?”

“Hapana.”

“Anakunywa?”

“Anakunywa.”

Baada ya kitambo anarudia, tena yaleyale, tena na tena, mpaka Mama akachoka akawa ananituma mimi nijibu. Jibu hilo la mwisho ndilo alilolingojea zaidi. Nikisema anakunywa, nilikuwa nasikia kigoda kinalia anakaa.

Mchana Sofia akakataa uji. Mama akajaribu maji kwa kijiko, yakamtoka kando ya mdomo. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi na ile filimbi ya kifuani ilikuwa imenyamaza. Mama akaona ni nafuu. Nikatoka kumwambia Balozi kwa furaha kwamba kifua kimeacha kulia.

“Anakunywa?”

“Hataki. Lakini kifua kimenyamaza.”

Uso wake ukabadilika. Alikimbia, na kile kiuno chake cha shambani sikukiona siku hiyo, kabuti linapepea nyuma, hadi katikati ya barabara kuu, akapuliza filimbi. Lori la ushirika lilikuwa linakuja na magunia ya alizeti. Dereva alipiga honi, Balozi akapuliza, dereva akapiga honi, Balozi akasimama palepale. Lori lilisimama karibu naye kiasi cha kugusa boneti.

“Una wazimu, mzee?”

“Shusha magunia ya mbele,” Balozi akasema. “Kuna mtoto.”

Yakashushwa. Mama akapanda mbele na Sofia mapajani, dirisha wazi upande wa mtoto, wakapelekwa hospitali ya misheni. Walifika akiwa bado anapumua. Aliwekewa hewa ya mtungi, akachomwa sindano, na siku nyingi zilipita hatujui kama atapona. Mganga mkuu wa pale alimwambia Mama kwamba kifua cha pumu kikinyamaza wakati mtoto anahangaika, hiyo si nafuu hata kidogo, maana yake hewa haipiti. Angekaa nusu siku zaidi nyumbani, asingepona.

Sofia alirudi amekonda, kichwa kikubwa, anacheka. Baba alimpelekea Balozi mbuzi wa shukrani. Wengine wangekataa kwanza mara moja kwa adabu. Balozi alimpokea, akampapasa mbavu, akauliza kama hakukuwa na mnene zaidi.

Bibi naye alikuja, bila kikohozi. Balozi akavua kofia, akainama, akatoa shikamoo. Bibi akatua kibuyu. Akafungua ncha ya khanga, akatoa ugoro, akanusa, akaifunga ncha. Akatazama mawingu. Mstari mzima ulikuwa umetoka tena kutazama, na Balozi bado ameinama, jasho linamtoka ndani ya kabuti. “Marahaba,” Bibi akasema hatimaye, akampita, akaingia ndani kwetu. Nadhani hiyo ndiyo salamu iliyomfurahisha kuliko zote alizopata kupewa.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka mingi baadaye. Mimi na Sofia tulikuwa watu wazima, tumetoka Singida mjini kusalimia, na Sofia alikuwa amembeba mgongoni mwanawe wa kwanza, aliyerithi kifua cha mama yake. Mstari wa nyumba ulikuwa umepungua, wengine wamerudi kwenye mahame yao. Mke wa Balozi alishafariki. Ilikuwa baridi, na tulipokaribia tulisikia kikohozi kinatoka ndani.

“Hodi,” Sofia akasema.

“Nani?”

“Filimbi.”

Kikohozi kikakatika. “Uko na nani?”

“Na dada Rehema. Na mwanangu nimembeba.”

“Kifua chake kikoje?”

“Kama changu.”

“Basi simama hapohapo. Usikanyage ndani. Nina mafua.”

Sofia alisimama nje ya ua, mahali kama pale kilipokuwa kinakaa kigoda chake kwetu siku zile. Akatua mfuko wake chini, akakunja goti pamoja na mtoto mgongoni, akatoa shikamoo kwa sauti ya kufika ndani. Marahaba ikaja papo hapo.

Mimi nikaingia. Alikuwa amelala chali, kabuti limemfunika, mdogo kuliko nilivyomwacha. Alikuwa anahema kama aliyetoka kupanda mlima.

“Babu,” Sofia akaita kutoka nje, “unakunywa?”

Alitabasamu. Akakusanya pumzi. “Nakunywa.”

Kando ya kitanda palikuwa na bakuli la uji ambalo jirani alimletea. Lilikuwa limejaa, na juu umefanya ngozi. Nikamtazama, akageuza uso ukutani.

“Hanywi,” nikamwambia Sofia kwa sauti.

Filimbi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, imeshika vumbi la miaka. Niliichukua. Yule mzee, na pumzi zake za kuhesabu, akanishika mkono akaniambia niioshe kwanza kwa maji ya moto, siyo nimpe mtoto wa watu hivihivi. Nikaiosha kwenye sufuria iliyokuwa motoni, nikampelekea Sofia, aliyekuwa ameshatangulia barabarani na mtoto wake kutafuta gari.

Nilikuwa nimerudi mlangoni iliposikika. Ililia ndefu, bila kukatika, ikapita juu ya mahame na mashamba ya alizeti, na mbali kidogo gari likaanza kupunguza mwendo. Balozi alikuwa amefungua macho. Alinyanyua kidole ili nisiseme kitu, akaisikiliza mpaka ikaisha.

“Sikia kifua hicho,” akasema.